Mishipa Iliyovimba Miguuni: Daktari Akiutoa Mshipa, Je, Mguu Utakauka?

Hebu piga picha hii kichwani.

Ni Jumamosi jioni. Mama amerudi kutoka kibandani kwake anakouza chai na chapati. Amesimama tangu saa 12 asubuhi. Wewe uko kidato cha pili, unahangaika na hesabu za Jumatatu. Mama yuko uani ananawa miguu. Ghafla unasikia anaita, "Mwanangu, hebu njoo!" Sauti si ya kawaida. Unatoka mbio. Maji ya beseni yamekuwa mekundu. Karibu na kifundo cha mguu wake damu inaruka kama maji ya mpira uliotoboka. Kinachoshangaza, mama hasikii maumivu. Anasema alijisugua tu na jiwe.

Utafanya nini? Umfunge kamba kwenye paja? Umkalishe kwenye kiti umpe maji ya sukari? Ukimbie kutafuta gari?

Usifanye hata moja kati ya hayo kwanza. Fanya mambo matatu tu:

1. Mlaze chini, chali, hapo hapo alipo.
2. Inua mguu wake juu, uzidi usawa wa kifua. Uweke juu ya kiti au ndoo iliyopinduliwa.
3. Kunja kitambaa safi, bonyeza penye tundu kwa nguvu dakika 10. Usiwe unachungulia kila mara kuona kama damu imekata. Kama huna glavu, funika mkono wako kwa nailoni safi.

Damu itakata. Ndiyo, hata ile iliyokuwa inaruka! Halafu mfunge bandeji au kitambaa safi, na mwende hospitali. Kama baada ya dakika 10 bado inatoka, endelea kubonyeza huku mguu ukiwa juu, na mtu mwingine atafute usafiri.

Kwa nini kuinua mguu kuna nguvu kuliko kamba? Ukilielewa jibu la swali hilo, utauelewa ugonjwa wenyewe. Utaelewa pia kwa nini daktari anaweza kuutoa mshipa mzima mguuni na mgonjwa akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

DAMU INAPANDAJE MLIMA?

Darasani umesoma kwamba ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo na vena huirudisha. Kuteremka miguuni si kazi. Je, kurudi? Mtu mzima akisimama, damu iliyo kifundoni inatakiwa kupanda zaidi ya mita moja kufika kwenye moyo. Moyo uko juu, mbali, na nguvu ya msukumo wake imekwisha njiani.

Mwili una mbinu mbili. Ya kwanza ni misuli ya shavu la mguu. Ukitembea, misuli hiyo inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, nayo inaziminya vena zilizo katikati yake kama mtu anayekamua chuchu ya ng'ombe. Damu inasukumwa juu. Ndiyo maana wengine huiita misuli hiyo moyo wa pili.

Mbinu ya pili ni milango. Ndani ya vena za miguu mna vijilango vidogo vinavyoitwa vali. Vinafunguka kuelekea juu tu. Damu ikipita, vinajifunga nyuma yake ili isirudi chini. Ni kama mtu anayepanda ngazi, na kila kidato anachopita mlango unafungwa nyuma yake.

Kazi ya mbinu hizi mbili unaweza kuipima. Mtu akisimama kimya bila kusogea, msukumo wa damu ndani ya vena za kifundoni hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, na kama milango yake ni mizima, msukumo huo hushuka chini ya 30. Umeona tofauti? Ndiyo maana ukisimama mstarini asubuhi kwa muda mrefu miguu inakuwa mizito, lakini ukitembea kilomita 2 kwenda shuleni haiwi hivyo.

JARIBU MWENYEWE

Milango hii ilielezwa kwa michoro mizuri na Girolamo Fabrici, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Padua, Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1603. Lakini kazi yake hasa hakuielewa. Aliyeielewa ni mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu mwaka 1628. Jaribio lake unaweza kulifanya hapo ulipo, bila maabara.

Mwambie rafiki yako akufunge kitambaa juu ya kiwiko, kisikaze sana. Kunja ngumi mara kadhaa. Vena za mkono zitajitokeza. Angalia vizuri: hapa na pale utaona vijinundu kama fundo la muwa. Hizo ndizo vali. Sasa bonyeza vena moja kwa kidole, upande wa kiganja. Kwa kidole kingine isukume damu kuelekea juu mpaka upite kinundu kimoja, kisha ondoa hicho cha juu. Umeona? Kipande cha kati kinabaki kitupu. Damu iko hapo juu ya kinundu lakini hairudi, mlango umefungwa! Ukiondoa kidole cha chini, vena inajaa mara moja kutoka chini. Ukimaliza fungua kitambaa, usikiache zaidi ya dakika 2.

MLANGO UKIHARIBIKA

Sasa tuseme mlango mmoja umelegea. Damu inarudi chini na kuukalia mlango unaofuata. Huo nao unazidiwa, unaachia. Kisha wa tatu. Mshipa unatanuka na kurefuka. Kwa kuwa hauna pa kwenda unajipindapinda chini ya ngozi kama mchango. Hiyo ndiyo mishipa iliyovimba, ambayo madaktari wanaiita vena varikosi.

Nani anaipata? Kwanza, inatembea kwenye ukoo: kama mama au baba anayo, uwezekano wako unaongezeka. Pili, umri. Tatu, ujauzito, na kila mimba inaongeza. Nne, unene. Tano, kazi za kusimama muda mrefu: mama lishe, mwalimu, kinyozi, mlinzi, askari wa trafiki. Na sita, mtu aliyewahi kupata bonge la damu kwenye vena za ndani za mguu.

Hapo hujaona neno kurogwa, sivyo? Wala hakuna aliyemtegea mama kitu njiani. Ni milango tu imechoka.

KUTOKA UREMBO HADI KIDONDA NDUGU

Wengi wanadhani hili ni suala la urembo. Dada mmoja anaacha kuvaa sketi fupi, mwingine anaficha miguu kwa kanga, basi. Na kweli, wapo watu wanaokaa na mishipa hii miaka mingi bila shida kubwa. Hao hawalazimiki kukatwa.

Lakini kwa wengine ugonjwa unasonga mbele. Kwanza mguu unakuwa mzito jioni na kuuma. Kifundo kinavimba, asubuhi kinapungua. Halafu ngozi ya upande wa ndani, juu ya kifundo, inaanza kuwasha. Inakuwa nyeusi au ya rangi ya kahawia, inakakamaa. Hiyo ni dalili kwamba damu imekaa hapo kwa msukumo mkubwa muda mrefu mno. Ngozi hiyo haili vizuri. Siku moja anaumwa na mbu, anajikuna, au kidole cha mtoto kinamparuza. Kakidonda kadogo. Wiki inapita, mwezi, mwaka, hakaponi. Mtaani wanakiita kidonda ndugu, na kweli kinakaa na wewe kama ndugu yako.

Hapo ndipo maisha yanapoharibika. Kidonda kinatoa maji na harufu. Mtu anaona aibu kupanda daladala. Wateja wanahama kibanda. Pesa za ada zinaishia kwenye pamba na spiriti. Na yote hayo yalianza na mlango mdogo ambao ungeweza kushughulikiwa mapema.

"MGUU UTAKAUKA KAMA KUNI"

Turudi kwa yule mama. Damu imekata, mmefika hospitali, na baada ya vipimo mmeelekezwa kwa daktari wa upasuaji, dada wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Aah, samahani, daktari."

"Hapana shida, mama. Mimi ni mwanao." Anauangalia mguu, anaugusa taratibu. "Mama, mishipa hii unayo tangu lini?"

"Tangu nilipojifungua huyu," anasema, akikuonyesha wewe. "Ni miaka 15 sasa."

"Na hukuja?"

Mama anainama. "Daktari, nisikufiche. Jirani aliniambia ukija hospitali wanakukata wanautoa mshipa, na mguu unakauka kama kuni. Mimi niko peke yangu na watoto. Nikikauka mguu, nani atasimama pale kibandani?"

Swali la mama si la kijinga hata kidogo. Mshipa si ni njia ya damu? Ukiitoa njia, damu itapita wapi?

Daktari anachukua karatasi, anachora mguu. "Mama, mguu una njia mbili za kurudisha damu. Kuna barabara kubwa, iko ndani kabisa, katikati ya misuli, huwezi kuiona. Na kuna vichochoro, viko hapa juu juu chini ya ngozi. Katika kila sehemu 10 za damu inayopanda, karibu 9 zinapita barabara kubwa. Vichochoro vinachukua 1 tu. Sasa kichochoro chako kimeharibika. Magari yanayoingia humo hayafiki, yanageuza yanarudi chini, yanaleta foleni. Nikikifunga, magari yote yatapita barabara kubwa na foleni itakwisha. Siutoi mshipa unaokusaidia. Naondoa ule unaokurudisha nyuma."

Kama bado una wasiwasi, sikiliza hili. Kichochoro kikubwa kuliko vyote ni vena ndefu inayoanzia mbele ya kifundo upande wa ndani na kupanda mpaka kwenye kinena. Ndiyo vena ndefu kuliko zote mwilini. Mwaka 1967, daktari René Favaloro kutoka Argentina, akifanya kazi Cleveland, Marekani, alitumia kipande cha vena hii kuwatengenezea njia mpya ya damu wagonjwa ambao ateri za moyo wao zilikuwa zimeziba. Tangu hapo watu wengi mno duniani wametolewa vena hiyo ikiwa nzima kabisa, ikapelekwa kwenye moyo, na miguu yao haikukauka. Basi iliyokufa milango utaililia ya nini?

LAKINI KWANZA, KIPIMO

Angalia vizuri maneno ya daktari: barabara kubwa lazima iwe wazi. Kama vena za ndani zimezibwa na bonge la damu, basi vichochoro ndivyo vinavyobeba kazi, na kuvitoa ni kumuumiza mgonjwa. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na mishipa iliyovimba mguu mmoja, wenye alama kubwa nyekundu kwenye ngozi na mguu mrefu au mnene kuliko mwenzake. Kwa baadhi yao vena za ndani hazikukamilika. Hawa wasiguswe kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Zamani daktari alitumia mikono na mpira. Mgonjwa analala, mguu unainuliwa mpaka mishipa inakuwa mitupu, anafungwa mpira juu ya paja, kisha anasimama. Kama mishipa inabaki mitupu, na inajaa kutoka juu mara mpira unapofunguliwa, basi mlango mbovu uko juu kwenye kinena. Jaribio hilo linabeba jina la daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg, aliyekuwa akiifunga vena hii kwa uzi mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi kipimo kinachotegemewa ni ultrasaundi inayoonyesha damu inavyokwenda. Hakiumi, hakina sindano. Daktari anaona kwenye kioo damu inapanda au inarudi.

NDANI YA CHUMBA CHA UPASUAJI

Zamani za kale ilikuwa balaa. Mwandishi Mgiriki Plutarch anasimulia habari za Gaius Marius, jemadari wa Roma aliyekufa mwaka 86 kabla ya Kristo. Miguu yake yote miwili ilijaa mishipa. Alikatwa mguu mmoja bila kufungwa kamba, bila kusogea wala kulalamika. Lakini daktari alipotaka mguu wa pili, jemadari alikataa, akasema faida yake haifiki maumivu yake! Karibu mwaka 1000 baada ya Kristo, tabibu mkubwa al-Zahrawi wa Cordoba, Hispania, alieleza katika kitabu chake jinsi ya kuitoa mishipa hiyo mguuni. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani kwa mafanikio huko Boston mwaka 1846 tu. Kwa hiyo wewe una bahati kuliko jemadari.

Leo mambo yanakwenda hivi:

Kabla: Mgonjwa akiwa amesimama, daktari anaichora mishipa yote kwa kalamu ya wino, kwa sababu akilala itanywea isionekane.

Ganzi: Anapewa nusu kaputi, yaani analala usingizi, au anachomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho lakini hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini.

Kufunga lango kuu: Daktari anapasua mkato mdogo kwenye kinena, wa sentimita chache. Anapatafuta mahali vena ya juu inapoungana na vena kubwa ya ndani. Anaifunga kwa uzi hapo na kuikata, pamoja na matawi yake. Hii ndiyo kazi inayotaka umakini kuliko zote.

Kuivuta: Anapitisha waya mwembamba ndani ya vena mpaka karibu na goti, mbinu iliyoelezwa na daktari Mmarekani William Wayne Babcock mwaka 1907. Kwenye goti anafanya tundu dogo, waya unatokeza. Vena inafungwa kwenye ncha ya waya, kisha inavutwa yote itoke. Umewahi kuchomoa kamba ya bukta kutoka kiunoni? Ni vile vile. Mara nyingi haivutwi mpaka kifundoni, kwa sababu chini ya goti mshipa wa fahamu umeikaribia sana na unaweza kujeruhiwa.

Kusafisha vijitawi: Vile vinavyojisokota kwenye shavu la mguu vinatolewa kimoja kimoja kwa vitundu vya milimita 2 au 3, kwa kijikulabu kinachofanana na kile cha kufumia vitambaa. Vitundu vyenyewe mara nyingi havihitaji hata kushonwa.

Mwisho mguu unafungwa bandeji kuanzia kwenye vidole kwenda juu. Kazi ya mguu mmoja huchukua kama saa moja. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

BAADA YA HAPO

Mgonjwa anatakiwa kutembea siku ile ile. Usishangae! Kumbuka moyo wa pili: akitembea, damu haitulii ikaganda. Atembee kidogo kidogo mara nyingi, akikaa aweke mguu juu, asisimame kimya kama mlingoti. Mguu utakuwa na madoa ya bluu na zambarau, ambayo huisha baada ya wiki kadhaa. Wengi hurudi kwenye kazi kati ya wiki 1 na 3, kutegemea kazi yenyewe.

Hatukufichi, kila upasuaji una hatari zake. Kidonda cha kinena kinaweza kuingia wadudu. Sehemu ya ngozi inaweza kufa ganzi, na kwa baadhi ganzi hiyo haiishi. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka, mishipa mingine huvimba tena. Hatari kubwa, ambayo si ya kawaida lakini ipo, ni bonge la damu kwenye vena za ndani. Shavu la mguu likivimba na kuuma kuliko inavyotarajiwa, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Akipata maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, usingoje hata dakika.

Faida je? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wagonjwa 500 wenye kidonda ndugu kibichi au kilichopona karibuni. Wote walifungwa bandeji za kubana, na nusu yao walifanyiwa upasuaji pia. Kupona, vidonda vya makundi yote mawili vilipona sawasawa. Lakini katika mwaka mmoja, kidonda kilirudi kwa watu 28 katika kila 100 waliotumia bandeji peke yake. Kwa waliopasuliwa kilirudi kwa 12 tu.

LAZIMA KISU?

Hapana. Siku hizi kuna njia nyingine. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 madaktari wameanza kuichoma vena kutoka ndani kwa joto, kwa leza au mawimbi ya redio, bila kuivuta. Wengine huchoma sindano ya dawa ya povu inayoifanya vena ishikane na kujifunga. Mwaka 2013 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, iliziweka njia hizo mbele: kwanza joto, halafu povu, na upasuaji wa kuvuta ukawa wa tatu. Mwaka 2018 utafiti mwingine wa Uingereza, wa wagonjwa 450, ulionyesha kwamba vena ikishughulikiwa mapema badala ya kungoja, kidonda kinapona haraka: siku 56 badala ya 82.

Mashine hizi ni ghali na si kila hospitali inazo. Lakini ukiangalia, njia zote zina lengo moja: kukifunga kichochoro kibovu. Ukiambiwa hospitalini kwenu iliyopo ni kisu tu, usidhani umepewa tiba ya bandia.

Kuna pia soksi ndefu za kubana. Zinapunguza uvimbe na uzito, lakini haziponyi milango. Ukizivua, shida iko pale pale. Na usijifunge bandeji kali kienyeji kabla ya kupimwa. Mtu ambaye ateri zake zimeziba akibanwa hivyo anaweza kuupoteza mguu kweli.

MASWALI YENU

Babu anasema twende tukaumikwe, damu chafu itoke. Ni sawa?
Hapana, tena ni hatari. Damu iliyomo si chafu, ni damu ya kawaida iliyokosa njia. Kupiga chale au chuku juu ya mshipa wenye msukumo namna ile ni kuliita lile beseni jekundu. Mwambie babu kwa heshima.

Dada yangu ni mjamzito na mishipa imeanza kutokeza. Apasuliwe?
Asubiri. Baada ya kujifungua mishipa mingi hunywea yenyewe katika miezi inayofuata. Kwa sasa atembee, alale ubavu, ainue miguu, na aieleze kliniki. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, aende hospitali haraka.

Mimi ni mvulana. Mishipa imevimba kwenye mfuko wa korodani, upande wa kushoto. Ni ugonjwa wa zinaa?
Si wa zinaa, na haukutokana na jambo lolote ulilofanya. Ni hadithi ile ile ya milango, na upande wa kushoto ndio hupatwa zaidi. Wavulana wengi wanayo na hawahitaji tiba. Ila muone daktari akupime, hasa kama korodani moja inabaki ndogo au inauma. Na ikiwa ni maumivu makali ya ghafla, hilo ni jambo jingine: kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Kila kidonda cha mguu kisichopona ni mishipa?
La. Kisukari, ukoma na ugonjwa wa selimundu pia huleta vidonda sugu. Ndiyo maana kupima ni lazima.

WEWE UFANYE NINI?

Kwa mwili wako: tembea, cheza mpira, usinenepe kupita kiasi. Ukilazimika kusimama muda mrefu, panda na kushuka kwa vidole vya miguu mara kwa mara ili moyo wa pili ufanye kazi. Mishipa ya ukoo huwezi kuikwepa yote, lakini unaweza kuipunguzia mzigo.

Kwa nyumbani: nani anasimama kutwa nzima ili wewe usome? Leo jioni mletee kiti, mletee na kigoda cha kuwekea miguu. Muulize kwa adabu kama miguu inamuuma. Kama ngozi juu ya kifundo imeanza kuwa nyeusi na kuwasha, usingoje kidonda. Mpeleke akapimwe, umsindikize mwenyewe, na akiwa na woga umwelezee ile habari ya barabara kubwa na kichochoro.

Yule mama alipomaliza kusikiliza aliutazama ule mchoro kimya. Halafu akauliza swali moja tu.

"Daktari, wiki tatu sitauza chai. Nianze lini, ili niwe nimepona kabla shule hazijafunguliwa?"